Siku Sauti Yangu Ilipofuta Wimbo wa Mzee Lam

Jamani, hii habari nimeikalia miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia nasikia masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa Mama Neema ameshaanza kuisambaza kwa namna yake (na kwa namna yake mimi ni mwizi wa kaseti, jambo ambalo si kweli, au tuseme si kweli sana), bora mnisikie mwenyewe. Niliaibika. Niliaibika mbele ya ukumbi mzima kule Guangzhou, mbele ya wanafunzi wa muziki wa Kichina wenye madaftari mapajani, mbele ya Watanzania wenzangu niliowaalika kwa mdomo wangu huu huu, na mbele ya mwanamume aliyekuwa ameniposa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati huo sisi Waafrika pale mtaa wa Xiaobei tulikuwa wachache kiasi cha kutambuana kwa kikohozi. Nilikwenda kununua magauni ya harusi na nguo za watoto, nikanunua, nikafunga marobota yangu vizuri, halafu mzigo ukakwama kwa wakala wa meli kwa sababu ya karatasi moja iliyokosa muhuri. Kila asubuhi nakwenda ofisini kwake, ananiambia "mingtian", yaani kesho, na hiyo kesho ikifika ananiambia mingtian vilevile bila hata kubadilisha uso. Wiki ya nne hiyo. Na mimi, wanaonijua wanajua, si mtu wa kukaa. Nikikaa dakika tano nasimama, nikisimama natafuta cha kushika, nimeshahesabu vigae vya chumba, nimeshafua hata nguo safi, nimeshashuka na kupanda ngazi za ile hoteli mpaka yule dada wa mapokezi akawa akiniona anacheka kabla sijafika.

Chumba nilikuwa nalala na Mama Neema, mwanamke wa Mbeya, muuza redio na pasi, mcha Mungu kwelikweli. Chumba cha pili yake alikaa Mzungu mmoja wa Sweden, mama wa miaka hamsini na kitu, jina lake Birgitta, sisi tukamwita Mama Bigita. Siku ya kwanza nilikuwa kwenye korido nalalamika peke yangu kwa Kiswahili kuhusu maji ya moto, nikasikia nyuma yangu, "Pole mwenzangu, kwangu pia hayatoki," nikageuka nikijua nitamwona mtu wa Dodoma, nakutana na nywele nyeupe na macho ya bluu. Kumbe baba yake alikuwa daktari wa hospitali ya misheni kule Singida, na yeye amekulia huko, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengine wenu hapa.

Kazi yake ndiyo ilinishangaza. Alikuwa anakusanya nyimbo za kale, za kwao Sweden na za Vietnam, anazisoma pamoja, anaziandika, anazihifadhi zisipotee. Alikuwa na fidla yenye vibao ubavuni kama vya kinanda, ya babu yake, na alikuwa ameshakaa Vietnam miaka akijifunza kile chombo chao cha waya mmoja, waya mmoja tu jamani, lakini mpigaji akikipinda kile kijiti cha pembeni sauti inapanda na kushuka kama mtu analia kwa adabu. Guangzhou alimfuata mzee mmoja aitwaye Lam. Mzee Lam baba yake Mchina, mama yake Mvietinamu, alizaliwa huko Vietnam na kuhamia China na familia yake akiwa mtu mzima tayari, na sasa ana miaka themanini, anaishi kwa binti yake mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya sita. Kichwani mwake ulikuwemo wimbo wa kubembelezea watoto, alioimbiwa na mama yake, una beti saba, na Mama Bigita alikuwa amezunguka Vietnam yote akazipata beti tano tu. Mbili hazijulikani na mtu mwingine. Mzee alikuwa hazikumbuki vizuri, leo anashika mstari huu, kesho unamtoroka, majuma matatu Mama Bigita anapanda ngazi zile na kinasa sauti chake anarudi mikono mitupu, mpaka Jumanne moja akarudi anatembea kama amebeba yai.

"Ameimba wote, Rehema. Zimekuja zenyewe, zote saba, mfululizo."

Kesho yake, Jumatano, akawa anakimbizana na kibali cha ukumbi. Chuo kimoja cha muziki kilimkubalia aoneshe kazi yake Alhamisi asubuhi, Mzee Lam akiwepo, na wimbo ule usikilizwe kwa mara ya kwanza na watu wasio wa ukoo wake. Akaniachia mkoba wake.

"Nitunzie huu mpaka nirudi. Usiuache peke yake."

"Nenda tu mama," nikamwambia, "upo kwa mtu."

Upo kwa mtu! Basi sasa sikilizeni.

Siku tatu kabla ya hapo, nilikuwa nimeposwa. Mzee Makame, mfanyabiashara wa taa kutoka Unguja, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, mtu wa heshima ambaye kila Mswahili aliyekwama Guangzhou alikimbilia kwake, alinikaribisha tambi kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina, akaweka vijiti chini, akasema, "Bi Rehema, mie si mtu wa kuzunguka. Ukiniridhia, n'tapeleka wazee kwenu Tanga." Nikamwomba siku chache nifikiri. Mimi nilikuwa nimeachika, nina miaka thelathini na sita, na jambo kama hilo siamui bila dada yangu Zuhura aliyenilea. Simu ya hoteli ipo pale mapokezi, kila mtu anasikia. Na siku hiyo ya Jumatano kulikuwa na mzee wa Moshi anarudi nyumbani, teksi yake inaondoka saa sita, akasema mwenye barua alete.

Mnakumbuka enzi zile tulikuwa tunatumiana barua za kaseti, unaongea weee, unaituma, mwenzako anasikiliza na chai. Redio kaseti ninayo, mpya, sampuli ya Mama Neema. Kaseti sina. Duka la kaseti lipo ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika kumi, lakini nimeambiwa mkoba usiuache peke yake (oneni utii wangu ulivyochagua pa kukaa), na mle ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa pembeni, mna kaseti mbili za aina moja, hazina hata alama ya kalamu. Nikajisemea, moja itakuwa tupu, Mama Bigita ni mtu wangu, nikichukua moja jioni nanunua nyingine narudisha, wala hana habari. Huo ndio uamuzi mdogo. Mdogo kabisa, ungeweza kuupitisha kwenye tundu la sindano.

Nikaweka kaseti ya kwanza, nikasikiliza. Kimya. Nikasubiri. Kimya, shhhh tu ya utepe. Nilisubiri muda gani? Kwa mtu kama mimi naona nilisubiri karne, lakini nikiwa mkweli ni sekunde kumi. Nikasema hii ndiyo tupu, nikairudisha mwanzo, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaongea. Niliongea nikizunguka chumba, nikimvua Mzee Makame nguo zote kwa maneno, halafu Mama Neema, halafu dunia nzima, kama robo saa hivi, mpaka Mama Neema akapiga kelele kutoka chini, "Rehema! Teksi inaondoka!" Nikachomoa kaseti, nikakusanya vitu, kaseti moja kwenye bahasha, nyingine mkobani, nikashuka ngazi mbilimbili.

Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa. Wachina wanafunzi, walimu wao na miwani yao, na nyuma kidogo Waswahili kumi na mbili niliowakusanya mwenyewe, maana Mama Bigita aliniomba asije akaaibika na viti vitupu. Mama Neema na kitenge chake cha Jumapili. Mzee Makame na koti, kanzu na kofia, ndevu nyeusi tii. Mstari wa mbele alikaa Mzee Lam, mdogo wa mwili, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na binti yake pembeni. Mama Bigita akaipiga fidla ya babu yake, wimbo wa kuita ng'ombe milimani kwao, watu wakatulia. Halafu akaeleza, mwalimu mmoja akitafsiri kwa Kichina, kwamba sasa wataisikia sauti ambayo haijawahi kutoka nje ya familia moja. Kwa kawaida yeye hasikilizishi watu kitu kabla hajakisikiliza tena mwenyewe, lakini Jumatano ile kibali kilimla muda wote, kaseti aliyoikuta mkobani aliikabidhi moja kwa moja kwa fundi wa mitambo, aliyekaa nyuma ndani ya kibanda cha kioo.

Ukumbi kimya. Shhhh ya utepe. Mzee Lam akafumba macho.

"Haloo, haloo, hii inashika? Dada Zuhura, shikamoo."

"Marahaba!" akaitika Mama Neema kwa sauti, kabla hajajua anaitikia nini.

Ilikuwa sauti yangu. Sijui kama mmewahi kuisikia sauti yenu kwenye spika kubwa, ni sauti ya mtu mwingine, tena mtu mjinga. Ikaendelea, nzito, imejaa ukumbi: "Dada, nimeposwa. Usipige kelele, ngoja nikueleze. Ni Mzee Makame, yule Mzanzibari wa taa."

Vichwa kumi na mbili vikageuka. Nikainuka. Nilikuwa katikati ya safu, kila upande magoti ya wanafunzi, nikaanza kuruka magoti na "sori, sori," na sauti yangu inanifuata: "Sasa tatizo ndevu, dada. Anazipaka rangi. Na joto la huku, jasho likimtoka linashuka jeusi mpaka kwenye kola. Juzi tunakula tambi, tone likaingia kwenye bakuli, na akainywa ile supu! Nitaolewaje na mtu anayechuja kama kitenge feki?"

Nikafika kwenye kibanda. Nikagonga kioo. Fundi akaniangalia. Nikamwashiria kwa mikono miwili, aondoe, atoe, ainue ile sindano, sijui hata nilikuwa naashiria nini, lakini yeye akaelewa kwamba watu wa nyuma hawasikii. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaongeza sauti.

"MAMA NEEMA NAYE ANAKOROMA KAMA JENERETA," nikatangaza Guangzhou nzima, "NA ALFAJIRI AKIOMBA ANATUTAJA KWA MUNGU MMOJA MMOJA, TENA NA DHAMBI ZETU!"

"Haki ya Mungu huyu ni Rehema!" akapiga kelele Mama Neema.

Wachina hawakucheka hata mmoja. Wao walikuwa wanaandika. Nawaambia ukweli, niliona kwa macho yangu kijana amefumba macho anafuata mapigo ya maneno yangu kwa kidole, maana kwao hiyo ndiyo sauti adimu ya kale waliyoahidiwa. Nikatafuta mlango wa kibanda, nikaukuta, umefungwa kwa ndani, na mimi mwenyewe naendelea: "Chumba cha pili yupo Mzungu mmoja, ana moyo mzuri, lakini kazi yake siielewi, anazunguka dunia kuokota nyimbo za vizee, na lile fidla lake asubuhi linalia kama mlango wa choo cha shule..."

Hapo ikakatika. Mama Bigita alikuwa amesimama jukwaani kimya muda wote, nadhani kwa mshtuko, na mwishowe alimpungia fundi mkono. Halafu wanafunzi wakapiga makofi. Makofi marefu, ya adabu. Sijawahi kutamani kufa kama wakati ule wa makofi.

Mzee Makame alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka kwa mlango wa pembeni taratibu kama mtu anayetoka msikitini.

Lakini la Makame lilikuwa dogo, na nilijua ni dogo pale Mzee Lam alipoinuka. Alimuuliza Mama Bigita kitu kwa Kivietinamu, kifupi tu. Mama Bigita akanitazama mimi kule nyuma, akaniuliza kwa Kiswahili mbele ya wote, "Rehema, uliongea kwenye kaseti ipi?"

"Ile tupu," nikasema.

"Uliyoigusa haikuwa tupu. Mzee hukaa kimya kwanza. Anakaa karibu dakika nzima, anatafuta pumzi, ndiyo anaanza." "Ananiuliza wimbo wa mama yake uko wapi. Nimwambie uko wapi?"

Nikabaki nimeshika kitasa cha kile kibanda.

Mchana ule hotelini alivaa visikizio akaisikiliza kaseti yote, mimi nimesimama mlangoni nabadilisha mguu. Kumbe kwa haraka zangu nilizichanganya, kaseti tupu ndiyo iliyokwenda Tanga (dada Zuhura, maskini, aliisikiliza pande zote mbili akidhani nimeugua koo). Na hapo ndipo nilipoona hata kosa lina bahati yake, maana nisingechanganya, sauti ya mzee iliyobaki nayo ingekwenda Tanga ikafutwe na taarabu. Iliyobaki ilikuwa beti tatu za mwisho. Nne za mwanzo nilikuwa nimezila.

Alipovua visikizio hakunigombeza. Aliniambia habari ya babu yake, kwamba naye alikuwa na nyimbo nyingi, na yeye Bigita alikuwa msichana mwenye shughuli zake, kila likizo anasema mwakani nitakuja na kinasa sauti, mpaka mwaka mmoja akaja babu hayupo. "Tangu hapo nakimbia," akasema. Halafu akaongeza, kama jambo la pembeni, "Nimekusikiliza mpaka mwisho. Ulisema Makame ndiye mwanamume pekee anayekufanya utulie kitini. Ungeanza na hilo."

Kweli nilikuwa nimesema hivyo, mwishoni kabisa, sehemu ambayo fundi alizima kabla haijafika.

Ijumaa baada ya swala Mzee Makame akaja hotelini. Ndevu nyeupe, safi, zimemkaa vizuri kuliko siku zote, na hilo liliniuma zaidi. Nikaanza kuomba radhi, nikaanza kumweleza kwamba kaseti ilikuwa haijaisha, akaniinulia kiganja.

"Bi Rehema, mie nishakusamehe. Mambo ya rangi ulisema kweli. Lakini lile nililokuuliza, naomba ulichukulie kama sikuuliza. Mtu anaweza kuishi na mke asemaye ukweli, ila si mbele ya Wachina mia mbili."

Akaniaga vizuri, akaenda zake. Sikumkimbilia. Mara moja maishani mwangu miguu ilikataa kwenda.

Mama Bigita alinipa adhabu moja tu: nimsaidie kwa Mzee Lam mpaka ajaribu tena. Siku nane nilipanda zile ghorofa sita. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda, nimeshika kipaza sauti, bila kutikisika, kwa sababu kigoda kinalia na kipaza sauti kinadaka kila kitu. Fikirini, mimi! Mzigo wangu ukapata muhuri siku ya nne, nikamwambia wakala autangulize, nikabaki. Joto linanata, jasho linaniwasha mgongoni, nzi anatembea kwenye goti langu, na mzee kakaa mbele ya chombo chake cha waya mmoja, macho kafumba, dakika nzima, dakika mbili, kimya, na mimi najifunza kwa mara ya kwanza kwamba kimya cha mtu kinaweza kuwa kimejaa.

Siku ya kwanza alipoambiwa mimi ndiye yule wa kwenye spika, alinitazama sana, akasema neno kwa binti yake, nikaomba kutafsiriwa.

"Anauliza," akasema Mama Bigita, "mbona ulikuwa unaongea kama unafukuzwa?"

Siku ya tatu ubeti wa pili ulirudi. Siku ya sita ukarudi wa nne, akauimba mara mbili huku machozi yanamtoka na binti yake anaandika. Wa kwanza na wa tatu hazikurudi, na ndizo zilezile mbili ambazo hazijulikani na mtu mwingine. Alizitafuta. Niliona anavyozitafuta, mkono wake juu ya waya, anaanza mstari, anaacha, anaanza. Siku ya nane aliweka chini kijiti cha kupigia akatikisa kichwa, akamimina chai, na kikombe cha kwanza akanipa mimi.

Tukiwa tunashuka, ghorofa ya tatu Mama Bigita alisimama akaandika kwenye daftari lake akiwa ameliegemeza ukutani. Nikachungulia, nikamwomba anisomee. Akasoma: ubeti wa kwanza na wa tatu, zimepotea, zilifutwa kwa bahati mbaya.

"Andika jina langu," nikamwambia. "Andika Rehema ndiye aliyefuta."

Akafunga daftari. "Atakayefungua hapa atakuwa anatafuta wimbo, mwenzangu. Jina lako litamsaidia nini?"

Niliona heri angenipiga.

Basi ndiyo hivyo. Mama Neema atawaambia niliiba, mwacheni aseme, naye alinisamehe na bado anakoroma. Mimi nilijiapiza pale pale kwenye ngazi kwamba sitagusa tena kitu cha mtu kwa kisingizio cha kurudisha jioni, na kabla ya kusema hapa hapana kitu nitakaa, nitasikiliza mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni kimya. Kuna watu wawili wamenisamehe, na wa tatu kanipa chai. Zile beti mbili hazina wa kunisamehe, kwa sababu hakuna tena anayezijua.